Hiba ya Aliyepona

Korosho haiokotwi kwa kusimama. Mwahija alikuwa ameinama tangu jua halijapanda, akiokota, akiinyonga korosho itoke kwenye bibo, akiitupa kwenye kiroba na bibo akiwaachia nzi. Vidole vyake vilibabuka kwa utomvu. Ujira wake ulikuwa bakuli la korosho kwa kila kiroba, sawa na kibarua mwingine yeyote, ingawa hakuna kibarua mwingine aliyeipanda mikorosho ile kwa mkono wake.

Shamba lilikuwa lake. Pori lile la kando ya barabara ya Kilwa Masoko alilifyeka mwenyewe alipokuwa mwali wa juzi. Kisha mumewe Abilahi akafa, na Mwahija naye akaanza kukonda. Wakati ule dawa hazijafika huku. Mshauri nasaha alimkalisha mkekani akamwambia kwa upole: jiandae, mama, panga mambo yako ungali na sauti. Mwahija ni mtu wa kusikia anachoambiwa. Aliita wazee, na mbele yao akampa shamba mdogo wake Bakary, ili amlelee binti yake Umi. Akagawa na kitanda, na mabati, na khanga zake nzuri. Akabaki na sanda.

Halafu hakufa.

Dawa za kurefusha maisha zilikuja, na kweli zikayarefusha. Bakary ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli kumpeleka kituoni, na hilo lisisahaulike, maana watu tunapenda kisa chenye mtu mbaya mmoja, na huyu hakuwa mbaya. Mwahija akanenepa, akarudi kucheka. Umi akakua, akaolewa Lindi. Shamba likabaki kwa Bakary. Mwahija alilala kibanda cha uani kwa mdogo wake, akaokota korosho zake mwenyewe kwa ujira, akamshukuru Mungu kwa pumzi.

Wiki iliyopita tu, muuguzi Benadetha alisoma vipimo vyake akatabasamu. "Virusi havionekani kabisa, mama. Ukiendelea kumeza hivihivi utazeeka kama mtu yeyote. Una miaka thelathini mbele yako, hata zaidi."

Mwingine angepiga vigelegele. Mwahija alitoka pale na mfuko wake wa dawa, akahisi hofu ambayo hata siku ya majibu ya kwanza hakuihisi. Miaka thelathini atakula nini? Kufa alikuwa amekupanga vizuri sana. Kuishi hakukuwamo kwenye mipango.

Sasa, kiroba kikiwa hakijajaa, alisikia bodaboda ikizimwa. Bakary alishuka na mtu mwenye viatu vya ngozi, wakaanza kuchomeka vigingi.

"Bakary, kuna nini?"

"Nilitaka kukwambia jana, dada, nikakukuta umelala." Alikuwa anatazama chini. "Huyu bwana anatoka Dar. Unajua tangu mambo ya gesi ya Songo Songo yaanze, hawa wananunua kila kichaka. Baraza linakaa leo mchana kupitisha."

"Na mimi?"

"Utakaa kwangu. Nimewahi kukufukuza?"

"Hujawahi. Lakini nyumba ina mkeo, na ina watoto wako. Siku ukifa wewe, nitakuwa nani pale?"

Bakary alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia jambo lisilowezekana. "Yaani mimi nikutangulie wewe?"

Mwahija aliinamia korosho zake. Kicheko kile kilimuuma kuliko vigingi. Alijua sasa kwamba miaka yote hii, mdogo wake mpenzi alikuwa bado anamsubiri afe, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosubiri mgeni aliyesema anaondoka.

Mchana alikwenda kwenye ofisi ya kijiji hivyohivyo, na utomvu mikononi.

"Shikamoo, Mzee Shamte."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, useme," alisema mwenyekiti.

"Nilitoa shamba nikijua nakufa. Sikufa. Namshukuru Bakary, kanilelea mwanangu, na fadhila zake sizikatai. Naomba anirudishie nusu tu, nipate pa kulima chakula."

Watu walinong'ona. Mzee Shamte alivuta kofia yake mbele. "Maji yakimwagika hayazoleki, Mwahija. Lakini sote ni Waislamu hapa. Tumsikie mwalimu."

Mwalimu Ismaili wa madrasa alikuwa mjumbe wa baraza, na alikuwa mtu mwadilifu. Alisema kwa utaratibu, kama anafundisha. "Anayetoa mali akiwa katika maradhi ya mauti, kisha akafa, hiba yake huhesabiwa kama wosia. Na mrithi hausiwi, yaani haachiwi mali kwa wosia. Bakary ni mrithi. Kwa hiyo shamba lingerudi kwenye mirathi, na Umi angechukua nusu. Lakini mtoaji akipona, basi yale hayakuwa maradhi ya mauti. Hiba imesimama yote."

Mwahija alilirudia lile neno kichwani kwanza. "Yaani, mwalimu, ningekufa, nusu ingerudi."

"Ingerudi kwa mwanao."

"Na kwa kuwa nimepona, haurudi hata mkorosho mmoja."

"Ndivyo ilivyo, mama. Sikuitunga mimi."

Mnunuzi alikuwa akichezea simu yake. Mzee Shamte akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo," Mwahija alisema. "Alikuja mtu mpaka mkekani kwangu kunifundisha kufa. Nilipopona hakuja mtu. Napewa dawa bure, nashukuru, kila nikimeza naongezewa siku. Siku za nini, Mzee Shamte? Za kuokota korosho za watu?"

"Pole, mwanangu," alisema mwenyekiti, na alimaanisha. Kisha akapitisha.

Nje, Bakary alimkimbilia, macho yamemwiva kwa machozi. "Dada, usinichukie. Nimekutetea, wallahi. Nimemwambia yule bwana makaburi ya kwetu mle shambani hayauzwi, kakubali. Pale alipolala mama pamebaki petu. Na pembeni yake nimekuachia nafasi yako."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyefanya jema.

Mwahija alimgeukia. "Kubwa kiasi gani?"

"Ya kukutosha. Na kidogo ya ziada."

"Ni yangu? Hakuna wa kunitoa?"

"Yako, dada. Nani akutoe pale?"

Alasiri, jua lilipopoa, Bakary alimkuta shambani. Mwahija alikuwa amefyeka majani kando ya kaburi la mama yao, na jembe lilikuwa limeshainua tuta refu, jekundu. Miguuni pake palikuwa na vipande vya miti ya muhogo, naye alikuwa anavichomeka kimoja kimoja.

"Dada! Astaghfirullah! Hapo si ndipo utakapolala?"

"Si leo," alisema Mwahija bila kuinuka. "Sogea, unanikanyagia tuta."