Laptop ya Darasa la Wazito

Barua ya shule aliisoma Héritière mwenyewe. Nani mwingine angeisoma? Katika nyumba ile ya Brooklyn Center, Marekani, kila karatasi ya Kiingereza, iwe ya umeme, ya daktari au ya mwenye nyumba, ilipita kwanza mikononi mwa mtoto, naye akaieleza kwa mama yake akiwa amesimama karibu na jiko. Ndivyo wanavyoishi Wakongo wengi kule. Watoto ndio wakalimani, na wazazi wamezoea hadi hawaoni tena kwamba ni mzigo. Siku hiyo Générose alikuwa akikoroga sombe, kisamvu cha kwao. Mtoto akasoma, kisha akasoma tena.

"Inasema mimi ni mzito," alisema.

"Mzito wa nini?"

"Wa kuelewa. Walitupima mwezi wa tano. Inasema nina miaka kumi na minne lakini nasoma na kuhesabu kama mtoto wa miaka kumi na miwili. Nikianza sekondari wataniweka darasa la wazito. Mtie sahihi kabla ya Jumatatu. Halafu ninunuliwe laptop, kila mtoto aje na yake."

Sasa nikwambie jambo ambalo Générose asingethubutu kumwambia hata mchungaji wake. Neno la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa asante Mungu. Alifurahi. Mtoto yule kweli alikuwa na miaka kumi na miwili, na vipimo vya Wamarekani vilimkuta pale pale alipo, hajapungua hata siku moja. Kisha akageuka, akauona uso wa mtoto, na furaha ikamwisha.

Mambo yalianzia katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Générose na mumewe Kalume walifika pale wakitokea Fizi, Kongo, na mtoto wao wa kwanza akaandikwa kwenye kadi ya familia: Héritière, amezaliwa Januari mosi, mwaka elfu mbili na tatu. Miaka miwili baadaye akazaliwa wa pili, wakamwita Perpétue. Huyu hakuandikwa. Siku ya kuandikisha watoto ilikuwa moja kwa mwezi, na kila ilipofika Générose alikuwa kwenye foleni ya maji, au anaumwa, au mvua. Kesho, kesho kutwa. Kabla hajaandikwa, homa ikampata mkubwa, ikamchukua kwa siku mbili. Alikuwa na miaka mitatu.

Wiki ile ile dosie yao, yaani faili lao la wakimbizi, ilikuwa imeitwa kwenye orodha ya safari ya Marekani. Kalume, mwenye kichwa cha kukata mambo haraka, akasema: "Kwenye karatasi mtoto mmoja, mgongoni mwako mtoto mmoja. Hesabu iko sawa. Tukienda kusema huyu kafa, yule hajaandikwa, dosie inarudi chini, na tutazeekea hapa." Wakamzika mkubwa kimyakimya, mdogo akachukua jina na tarehe. Usiwalaumu upesi, wewe uliyelala kwako. Walidhani ni jambo la mwezi mmoja, miwili, watarekebisha mbele ya safari. Orodha ikachukua miaka sita. Walipofika Minnesota mtoto wa miaka saba akapelekwa darasa la wenye miaka tisa, na tangu siku hiyo akawa wa mwisho, mwaka baada ya mwaka, akikimbia na watoto waliomzidi kwa kila kitu hadi miguu.

Waliuficha ukweli kwa ndugu, kwa kanisa, na kwa mtoto mwenyewe. Kalume aliamini kwamba mtoto ana mdomo, na mdomo uliponza kichwa.

Jioni ile Générose alimsubiri Kalume atoke kiwandani Fridley, akamwambia habari ya barua. Kalume akavua viatu bila haraka.

"Tia sahihi," alisema.

"Mtoto wetu si mzito, baba."

"Najua. Tumeshapeleka fomu za uraia, wametupangia mahojiano mwezi wa kumi. Unasikia redioni watu wanavyozungumza mwaka huu juu ya wageni. Usiposaini shule wataita mkutano, watauliza alizaliwa lini, alianza kutembea lini, kambini alisoma nini. Tia sahihi, umnunulie laptop nzuri, atafurahi."

Bon, ndiyo ikawa dawa yenyewe: laptop nzuri.

Jumamosi mama na binti wakaenda dukani kwa Erick Ambakisye. Erick alikuwa Mtanzania wa Tukuyu, aliyekuja kusomea kompyuta Minneapolis akabaki, na sasa alisimamia upande wa kompyuta katika duka moja kubwa. Waswahili wote wa kanisani kwao walimtumia yeye. Ukitaka simu, Erick. Televisheni ikigoma, Erick. Akampa Générose shikamoo, Générose akaitikia marahaba, desturi aliyoiokota Tanzania na hakutaka kuitupa.

"Kwa hiyo binti anaingia sekondari," Erick alisema. "Haya, tuanzie hapa. Hii ndogo ni nyepesi, ina kazi mbili tatu: kuandika, kusoma, kuangalia video za somo. Inawatosha wanaohitaji mambo mepesi. Hii nyingine ina nguvu. Hesabu, kuchora ramani za majengo, hata akitaka kutengeneza programu zake. Itamfikisha mwaka wa kwanza wa chuo. Anapenda nini?"

"Kuchora," Générose alijibu. "Anachora nyumba. Ukimwachia bahasha tupu anachora nyumba."

Héritière alikuwa ameshika ile ndogo. Alijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba wasiharibu pesa, yeye ni slow. Erick akajifanya anatafuta chaja. Lakini Générose alilijua neno lile vizuri. Alifanya usafi hospitalini mjini, na msimamizi wake alilitumia kwa wafanyakazi wote waliotoka Afrika. Lilimuuma akiambiwa yeye. Kulisikia kinywani mwa mtoto wake, mtoto akijisemea mwenyewe kwa sauti ya kawaida tu, kulimuuma mahali ambapo hakujua kwamba panauma.

"Tunachukua hii yenye nguvu," alisema.

Wakalipa, wakatoka. Walipokaa ndani ya gari, boksi likiwa mapajani mwa mtoto, Générose hakuwasha. Aliona hawezi. Miaka kumi na moja alikuwa amefunga mdomo, na alidhani, masikini, kwamba akiufungua mtoto atapona pale pale. Ukweli alikuwa ameutunza muda mrefu hata akauona ni zawadi.

"Wewe si mzito," alisema. "Una miaka kumi na miwili. Utafikisha kumi na mitatu mwezi wa tatu."

Akamwambia yote. Homa, kadi, orodha, kaburi lisilo na jina kwa sababu jina lilikuwa linatumika. Alilia alipokuwa akisema, na aliona nafuu, kisha akaona aibu kwa ile nafuu. Mtoto alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyozoea kusikiliza watu wa ofisini kabla hajatafsiri.

"Mimi naitwa nani?" aliuliza mwisho, kwa Kiswahili.

"Perpétue."

Mtoto akalitamka mara moja, polepole, akaacha.

"Basi Jumatatu nimwambie mwalimu."

"Hapana, mwanangu. Usimwambie mtu. Nimekwambia ili ujue wewe moyoni."

"Lini nitamwambia?"

"Tukishapata uraia. Tukishaapa."

Mtoto akatazama mbele, magari yakiingia na kutoka. Alikuwa anafikiri, na Générose alimwona anavyofikiri, haraka, hatua baada ya hatua, kuliko Kalume, kuliko yeye mwenyewe. Huyu ndiye waliyeandika kwamba ni mzito.

"Mkishaapa itakuwa mbaya zaidi," alisema. "Sasa hivi ni karatasi ya kambini. Mkiapa mtakuwa mmeapa uongo. Hamtaweza kusema tena, mama. Milele."

Générose hakuwahi kufika huko kwa mawazo. Yeye na mumewe walikuwa wakiivuka siku moja, wakaivuka nyingine, na hakuna aliyekuwa ameuliza ng'ambo kuna nini.

"Nimekosa, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

"Na usipotia sahihi wataita mkutano," mtoto aliendelea, sauti yake ni ile ile ya kueleza barua ya umeme. "Imeandikwa ukurasa wa pili. Mzazi akikataa, wanatafuta habari zote za mtoto toka alipozaliwa. Kwa hiyo utatia sahihi. Mimi nitakaa darasa lile. Miaka minne."

"Utakuwa unajua kwamba si kweli."

"Ndiyo. Zamani nilikuwa sijui."

Alifungua mlango, akashuka na boksi lake. Générose akamfuata mbio, akiita Héritière, Héritière, mbele ya watu wanaosukuma vitoroli vyao. Wakarudi ndani. Erick alipowaona akacheka kidogo.

"Vipi Héritière, umeshaivunja?"

Mtoto akageuka jina lilipotajwa, upesi, na uso wake ulikuwa mkunjufu. Générose hakuwahi kuuona uso ule. Dakika kumi zilizopita haukuwepo.

"Samahani, tonton Erick. Tunaomba kubadilisha. Tunataka ile ndogo."

"Kwa nini tena? Hii ingekutosha hadi chuo, dada. Michoro yako utaichorea wapi?"

"Naenda darasa la wazito wa kuelewa," mtoto alisema, wazi, bila kupepesa. "Walinipima shuleni. Kwenye darasa lile hawachori."

Erick akaacha kucheka. Akamtazama Générose, akingoja akanushe, maana mama gani atasikia maneno yale akae kimya? Mtoto naye akamtazama. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anangoja kuona kama mama ataweza kuusema uongo ule kwa mdomo wake.

"Ni kweli, kaka Erick," Générose alisema. "Ndivyo alivyozaliwa."

Erick akalichukua boksi, akaenda kuleta ile ndogo.