Gauni Kwenye Mnyororo

Gauni lilikuwa limeng'atwa na mnyororo wa baiskeli, na kidole cha fundi cherehani kilikuwa kinavuja damu. Alikuwa ameteremka mlima roho kwatu, gauni jeupe la harusi likiwa limefungwa kwenye keria, asijue kwamba mfuko ulichanika na pindo lilikuwa likishuka kidogo kidogo hadi kwenye meno ya gurudumu la nyuma. Aliposhtuka akavuta kwa pupa, chuma kikampasua kidole.

Kosa lilikuwa lake. Jirani mwenye gari alijitolea kulipeleka kwa bibi harusi, fundi akakataa katakata. Kwa miaka ishirini ya cherehani hakuwahi kumruhusu mtu aguse kazi yake. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata kivuli cha mtu akikiona juu ya kitambaa hukifukuza. Na gauni hili lilikuwa la binti wa marehemu dada yake. Alimwahidi dada huyo kitandani, siku za mwisho, kwamba mtoto ataolewa akiwa amevaa kazi ya mkono wake. Zilibaki saa mbili harusi ianze.

"Usiguse!" alifoka, mwuza nyama mmoja alipovuka barabara kutoka buchani na aproni yake yenye madoa.

"Wewe ndiye usiguse, dada. Hebu tazama hiyo damu."

Ilikuwa kweli. Tone moja tu, na kazi yote imekwisha. Fundi akarudi nyuma, mkono juu.

Mwuza nyama akavua aproni, akaenda kunawa kwa sabuni, akarudi, akajitazama viganja, akaenda kunawa tena. Kisha akazungusha pedali kinyumenyume, polepole, akilibembeleza pindo mpaka likatoka. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli akasimama bila kuitwa. Alimfunga fundi kidole kwa leso yake, akasaga chaki kutoka mkobani, akanyunyiza unga juu ya grisi. Unga ukanywa mafuta. Likabaki doa la kijivu na mpasuko wa urefu wa kiganja.

"Sindano ninayo," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Mkono ndio sina."

"Mimi najua kushona vifungo tu, dada," mwalimu alisema.

"Nitakuelekeza. Kunja doa liingie ndani."

Mwalimu akapiga magoti majanini, akashona ulimi ukiwa nje. Mwuza nyama alilinyanyua gauni kama aliyepewa mtoto mchanga, akiwakemea wapita njia wasitimue vumbi. Mishono ilikuwa mikubwa, mingine imekwenda upande. Fundi akauma midomo. Ndipo akamwona mwalimu akigeuza uso ghafla ili jasho lake lisidondokee kitambaa, na moyo ukamlegea. Watu hawa hawakumjua bibi harusi wala mama yake. Aliwashukuru mpaka maneno yakamwishia, nao wakamhimiza aondoke, muda unakwenda.

Aliwahi. Bibi harusi alivaa, akajitazama kwenye kioo, akainama.

"Mama mdogo, pindo hili hukulishona wewe."

"Hapana."

"Mkasi huu hapa. Muda bado upo, tulifumue."

Fundi akaupokea mkasi, akachuchumaa. Akapitisha kidole kizima juu ya ile mishono, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Akauweka mkasi mezani.

"Kwani nani kashona?"

Alifungua mdomo kujibu, akagundua kwamba hakuwauliza hata majina.

"Watu wetu," alisema, akamshushia shela usoni upesi, asimwone analia.