Kengele ya Romera

Harage jeusi liliniangukia mimi, na kijiji kizima kikaguna. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuficha.

Kwetu Brañosa hatumchagui mpanda baiskeli kwa mbio. Kila mwenye baiskeli anatia mkono kwenye chungu cha maharage meupe, na atakayetoa jeusi ndiye atakayepanda mlima siku ya Mtakatifu Mamés. Hakuna kubadilishana, na hakuna kuugua ghafla. Upande wa pili wa mlima, Villarejo, nao wana chungu chao. Saa nne kamili asubuhi mmoja anaondoka kwetu na mmoja kwao. Njia yetu ni kilomita tisa za mwinuko mkali wenye kona kumi na nne, yao ni kilomita kumi na sita za mwinuko wa kubembeleza. Atakayetangulia kugonga kengele ya kanisa dogo la kileleni anarudi na sanamu ya mtakatifu, nayo inakaa kijijini kwake mwaka mzima. Aliyeshindwa, popote kengele itakapomkuta, anashuka, anavua kofia na kumalizia kwa miguu.

Miaka kumi na moja mfululizo tulikuwa tukimalizia kwa miguu.

"Casilda?" alisema binamu yangu Fermín, mchungaji wa ng'ombe wetu, akilitazama lile harage kiganjani mwangu. "Basi safari hii tuwapelekee na joho lenyewe kabisa, tumalize."

"Funga mdomo. Baiskeli yangu inapanda mlima huu kila Jumanne."

"Inapanda, sikatai. Na wewe uko nyuma unaisukuma."

Watu walicheka. Mimi nina miaka hamsini na minne, natengeneza jibini, na ni kweli kila Jumanne napanda kwenye kibanda cha malishoni kuzigeuza jibini. Lakini nilikuwa nasukuma kona mbili tu, ya saba na ya kumi na mbili, kwa hiyo Fermín alikuwa mwongo kwa kona kumi na mbili.

Kilichoniuma si kicheko. Ni lile joho. Mama yangu Obdulia, mwenye miaka tisini na mitatu, ndiye aliyekuwa akimshonea mtakatifu mavazi tangu usichana wake. Joho la mwisho, jekundu lenye uzi wa dhahabu, alilimaliza mwaka uleule tulioanza kushindwa. Tangu hapo limelala kwenye saraka, na kila mwaka analitoa, analikung'uta, analirudisha. Nilipomwambia tumpeleke Villarejo kwa gari akamvike hukohuko, alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu baba. Alitaka kumvika nyumbani, mara moja tu, kabla macho hayajamwisha. Sasa jambo hilo lilikuwa mikononi mwangu, au niseme miguuni.

Nikafanya mazoezi wiki tatu. Nikaacha mvinyo, nikaacha soseji, nikawa mkali hadi mbwa akahamia kwa jirani. Habari zikaja kwamba harage jeusi la Villarejo limemwangukia Saúl, kijana wa miaka ishirini na minne anayeendesha na klabu moja ya Bilbao. Baiskeli yake unaibeba kwa kidole kimoja. Yangu ukiiangusha mguuni unalazwa hospitali.

"Hayo yasikusumbue," mama alisema. "Wewe panda tu."

Siku yenyewe anga lilikuwa safi kabisa. Saa ya kanisa ilipogonga saa nne nikaondoka, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu niolewe. Barabara yote ilikuwa yangu. Hakuna gari, hakuna mtu, ni mistari ya jua tu kati ya miti ya chesnati na lami iliyopasuka ambayo naijua ufa kwa ufa. Kona ya saba niliipanda nikiwa nimesimama juu ya pedali, nikiitukana kwa jina. Ya nane, ya tisa. Mapaja yanawaka moto, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Nilianza kuamini.

Kona ya kumi na moja ukungu ukanimeza, ule unaopanda kutoka bondeni kila Septemba. Sikuona zaidi ya tairi la mbele. Nikaingia kona ya kumi na mbili, adui yangu, kwa gia ndogo kuliko zote, na nilikuwa katikati yake, sijashusha mguu, niliposikia kengele.

Ilikuwa nzito, mbali kidogo, juu kule. Kimya. Kisha tena.

Nikashuka. Sheria ni sheria. Nikavua kofia na jasho likaniingia machoni, na halikuwa jasho peke yake, nililia. Nikamlaani Saúl na baiskeli yake ya kidole kimoja, nikamlaani Mamés mwenyewe anayependa vijana wa mjini. Nikamwona mama akilirudisha joho kwenye saraka, na safari hiyo nilijua hatalitoa tena.

Kengele ikalia mara ya tatu. Safari hii, kwa kuwa sikuwa nikihema tena, nikaisikia mpaka mwisho wake. Mwishoni mlikuwa na mtetemo, mlio kama wa kikombe chenye ufa.

Kengele ya kanisa haina ufa. Yenye ufa ni ya nyumbani kwetu, ile kubwa ambayo baba aliiangusha kwenye ngazi za mawe mwaka niliozaliwa, na ambayo huvalishwa ng'ombe wetu wa mbele, Romera, siku moja tu kwa mwaka, siku ya kuwashusha ng'ombe kutoka malishoni. Siku hiyo ilikuwa bado wiki nzima. Romera alikuwa anafanya nini na kengele shingoni? Sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilirukia baiskeli, kofia imening'inia kwenye usukani, nikakanyaga pedali kama mtu anayekimbia nyuki.

Kwenye kona ya kumi na tatu, barabara yote ilikuwa ng'ombe. Arobaini hivi, wamesimama kwenye ukungu, na Fermín katikati yao na fimbo yake.

"Fermín, nipishe!"

"Mimi nikupishe? Nimekushikia njia mimi? Ng'ombe ndio wenye barabara. Unajua sheria, usiwapite mpaka wakupishe wenyewe."

Sheria hiyo haisemi usiwaombe. Nikaita kwa sauti ile ya kukamulia, sauti ambayo Romera ameisikia kila asubuhi tangu akiwa ndama. Akainua kichwa, akasogea ukingoni mwa barabara aje alambe chumvi mkononi mwangu, na wenzake wote wakamfuata upande huo. Chumvi sikuwa nayo. Nikapita upenyoni nikimwomba msamaha.

Kona ya mwisho siikumbuki. Nakumbuka ukuta wa kanisa ukitokea ghafla, na Padri Evelio amekaa mlangoni na mwavuli wake, peke yake, hajampongeza mtu yeyote. Nikaiacha baiskeli ianguke, nikashika kamba kwa mikono miwili na kuning'inia. Sijui niligonga mara ngapi. Padri ndiye aliyenibandua.

Saúl alitokea baada ya dakika kumi, kwa miguu, kofia mkononi, akichechemea kwenye vile viatu vyao vya chuma chini.

"Hongera, shangazi," akasema. "Lakini umegonga mara ya pili ya nini? Nusu saa hii natembea na viatu hivi, ya kwanza niliisikia vizuri."

"Ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe," nikamwambia.

Alimtazama padri, padri akatazama mwavuli. Kijana akakaa chini. Niliona uso wake ukishuka, na furaha yangu nusu ikaondoka.

"Hata mimi nilishuka," nikasema. "Niko kona ya kumi na mbili, nikalia kama mtoto."

"Sasa ukajuaje?"

"Ni ya nyumbani kwetu."

Akafikiri, kisha akanipa mkono. "Mwakani nakuja mapema nitambulishwe kwa ng'ombe wote, kwa majina."

Nilishuka na Mtakatifu Mamés nimemfunga mgongoni kwa shali, gazeti kifuani kuzuia baridi, nikipiga kelele kila kona. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Joho lilikuwa tayari magotini pake, limepigwa pasi. Pasi yenyewe asubuhi niliiacha kabatini, na hakuna anayepiga pasi joho la kushindwa.

"Mama. Nani alimwambia Fermín awashushe ng'ombe leo?"

"Mlete huku, utamwangusha."

"Mama."

"Ukungu wa Septemba unapanda saa tano kasoro robo," akasema, akimpokea mtakatifu. "Vijana wa Bilbao hawajui kengele. Utu uzima dawa."

"Na mimi je? Mimi nilishuka. Nilivua kofia. Ilibaki kidogo unifanye nishindwe wewe mwenyewe."

Vidole vyake, vilivyokuwa vikimpangusa mtakatifu vumbi, vikasimama.

"Kengele ya baba yako," akasema. "Hukuijua?"

"Niliijua mlio wa tatu."

Alinitazama kwa macho yake yale yenye utando mweupe.

"Basi," akasema. "Wa tatu unatosha. Na yule kijana mwambie aje Jumapili tule naye. Nitamweleza mwenyewe."

Kisha akaanza kumvika. Asubuhi ile vidole hivyo vilishindwa na vifungo vya sweta lake mwenyewe, nikamfungia mimi. Vya joho vilikuwa kumi na viwili, vidogo kama dengu, na nilipotaka kumsaidia alinipiga kofi mkononi. Akavifunga vyote.