Tano-Tisa, Dada

Redio yangu inaingia kwenye mfuko wa aproni ya kazini. Ni ndogo, kama nusu ya mkate, na nguvu zake ni wati tano. Taa ya ndani ya friji inaizidi. Niliwahi kumweleza jirani wa ghorofa ya tatu, fundi cherehani tunayemwita Mama Pacha, kwamba kwa wati tano hizo nazungumza na dada yangu aliye mbali, safari ya basi ya siku nzima. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kama nimekula.

"Wenzako wanaanika nguo juu ya paa," akasema, "wewe unaanika sauti."

Tangu siku hiyo jengo zima linaniita Antena. Sikukasirika. Niliwahi kuitwa mabaya zaidi, tena na watu wasiojua hata kushona.

Mchana nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Nasimama mbele ya pasi ya mvuke yenye mdomo kama wa mamba, nailisha mashuka, inayabana, nayatoa, nayakunja. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa. Nikirudi nyumbani namkuta Mama. Mama ana miguu miwili isiyosikilizana, tunaishi ghorofa ya nne, na lifti ya jengo letu ilikufa zamani, haikuzikwa tu. Namwogesha, namvika, nampeleka chooni, namrudisha, tunabishana habari ya chumvi, analala. Huu ni mwaka wa sita. Watu wakiniuliza habari, nasema nzuri.

Jumamosi saa nne asubuhi ndiyo saa yangu. Napanda juu ya paa na redio, betri yake, na waya mwembamba wa mita ishirini. Ncha moja nafunga kwenye ngazi ya tangi la maji, ncha nyingine kwenye nguzo ya kuanikia nguo, halafu nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwita Dada.

Utaniuliza, kwani simu hakuna? Simu ipo. Ila mimi na Dada tukishika simu tunasema wote kwa pamoja. Hakuna anayesikiliza, sauti zinapanda, mmoja anakata, na tunanuniana miezi. Baba alipofariki tulipigiana simu mara saba kwa siku moja, na mara zote saba tulikatiana. Mama ndiye aliyetoa hukumu. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya simu, na sisi wasichana wake wawili alitufundisha redio tukiwa bado na sare za shule, tukafanya mtihani, tukapewa leseni, kila mmoja na herufi zake za kujitambulisha hewani. "Redio mnazo," Mama akasema. "Zungumzeni huko. Redioni mtu akimkatiza mwenzake wote wawili hawapati kitu."

Na kweli. Redioni unabonyeza kitufe, unasema yako, unasema ova, unaachia. Mwenzako anapokea zamu. Kwa miaka minne hatujagombana hata mara moja. Nilidhani tumekua.

Sasa nikueleze ugonjwa wetu sisi watu wa redio. Ukikutana na mtu hewani, unampa tarakimu mbili za kumwambia anasikika vipi. Ya kwanza ni maneno yanaeleweka kiasi gani, mwisho wake tano. Ya pili ni nguvu ya sauti, mwisho wake tisa. Tano-tisa ni sawa na kumwambia mtu yuko sebuleni kwako. Lakini adabu ni kitu kibaya. Watu wote hewani wanapeana tano-tisa. Mtu anasikika kama mbu ndani ya kopo, unampa tano-tisa. Humsikii kabisa, unahisi tu kwamba kuna binadamu upande wa pili, tano-tisa. Ni kama ile nzuri tunayojibu tukiwa na homa. Baba alichukia tabia hiyo. Sisi tuliipenda kwa sababu inamaliza mambo haraka.

Jumamosi ninayoisema nilipanda na neno moja kifuani. Wiki ile nilianguka na Mama bafuni. Hatukuumia. Tulikaa sakafuni kama watu waliokuja matembezi, na mgongo wangu ukakataa katakata kuinuka. Tulikaa pale hadi Mama Pacha aliposikia tunagonga bomba kwa kipande cha sabuni. Hapo nikajua siwezi tena peke yangu. Dada ana nyumba ya chini, haina ngazi za kutisha, na anaishi peke yake tangu shemeji alipofariki. Nilitaka amchukue Mama, basi. Meseji nilikuwa nimemwandikia mbili kabla, hakujibu, nikaona ananidharau.

Nilipofika juu nikakuta Mama Pacha ameanika blanketi juu ya waya wangu. Nilikuwa nimeuacha umefungwa tangu jana yake, akadhani ni kamba ya ziada. Blanketi zito, linachuruzika maji, waya umelala karibu na sakafu kama ng'ombe aliyechoka. Kwa wati tano, hilo ni sawa na kumsimulia mtu siri huku umefunikwa na godoro. Nilipaswa kuliondoa. Lakini kuliondoa ni kulibeba, kulibeba ni kutafuta pa kuliweka, na baadaye ni kumweleza mwenyewe. Sikuwa na nguvu ya kubishana na blanketi. Nikakaa kwenye ndoo nikabonyeza kitufe.

"Dada, nina ombi. Nimechoka. Tulianguka bafuni. Nakuomba umchukue Mama akae kwako kwa muda. Njoo Alhamisi, mimi nitakuwa nimemwandaa. Ova."

Zikaja kelele, kama mtu anakaanga mchanga. Halafu sauti ya Dada, nyembamba, inazama na kuibuka.

"Tano-tisa, mdogo wangu! Sawa kabisa! Hakuna shida! Ova."

Akaendelea na habari zake, sentensi tano au sita, nikashika neno "daktari" na neno "Jumatatu". Nami nikamjibu, "Tano-tisa, Dada! Safi sana! Ova." Nikashuka ngazi nikiwa mwepesi kama shuka iliyotoka kwenye pasi.

Mama nilimwambia nusu tu. "Dada anakuja Alhamisi."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kukuona."

"Mh," akasema Mama. Akaniagiza nimtafutie gauni la bluu.

Begi lake nililipanga siku tatu, kidogo kidogo, na kulisukuma chini ya kitanda changu. Kazini nikabadilishana zamu na mwenzangu ili Alhamisi niwe nyumbani. Alhamisi Mama akakaa kwenye kiti chake tangu saa mbili, gauni la bluu, nywele zimesukwa, macho mlangoni. Saa sita. Saa nane. Basi la mwisho kutoka kwa Dada linafika saa kumi. Saa kumi na moja Mama akasema, "Nivue. Gauni linanibana."

Nikachukua simu nikatoka nayo kwenye ngazi.

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani, niko wapi tena?"

"Mama anakusubiri tangu asubuhi!"

"Ananisubiri mimi? Nani kasema nakuja?"

"Wewe! Ulisema sawa kabisa, hakuna shida!"

"Nilisema sawa kwa sababu sikusikia kitu! Siku ile ulikuwa unanguruma tu kama maji ya bomba!"

"Ukanipa tano-tisa?"

"Ulitaka nikupe nini, matusi? Na wewe je? Nilikueleza habari ya jicho langu, nikakwambia nimepasuliwa, nikakwambia daktari kanipa Jumatatu nyingine ya jicho la pili, ukanijibu safi sana! Safi sana, mtu anachomwa kisu jichoni!"

"Jicho gani?"

"Unaona! Na meseji zako siwezi kuzisoma, mwezi wa tatu sasa, ningekuwa naziona ningekujibu!"

Baada ya hapo tukasema wote kwa pamoja, kwa ukamilifu kama zamani, na nadhani yeye ndiye aliyekata. Au mimi. Nilikaa kwenye ngazi mpaka Mama akaita kwamba kitako kimekufa ganzi.

Jumamosi nilipanda tena. Sikutaka kupanda. Miguu ndiyo iliyozoea. Nilipofika nikamkuta Mama Pacha na wanawake wengine watatu wanaanika, na nguo zimejaa upande wote wa nguzo.

"Mama Pacha," nikasema, "leo naomba huu upande wote. Hata leso isiwepo."

"Kuna nini leo?"

"Leo nataka nisikike."

Alinitazama. Yeye ndiye aliyetuinua bafuni. Hakuniuliza kama nimekula. Alianza kung'oa vibanio vya nguo, na wenzake wakamfuata, wakabeba mashuka mabichi mikononi wakasimama nayo pembeni. Niliuvuta waya hadi juu kabisa ya ngazi ya tangi, ukakaza, nikakaa kwenye ndoo. Hewa ilikuwa mbovu kuliko wiki ile.

Dada alikuwepo. Nilidhani hatakuwepo.

"Nakupa mbili-tatu," akasema. Kwa miaka minne hakuwahi kunipa mbili-tatu. "Nasikia neno moja kati ya matatu. Sema polepole. Ova."

"Nami nakupa mbili-mbili," nikasema. "Jicho linaendeleaje? Ova."

Ilimchukua mara nne kuniambia. Kila mara nilimrudishia nilichopata, naye akanisahihisha. Jicho la kulia limepasuliwa, linaona. La kushoto bado, Jumatatu ijayo. Jirani ndiye anayempikia. Alikuwa anaogopa. Neno hilo, anaogopa, nililiomba mara tatu kwa sababu sikutaka kuliamini. Dada yangu hajawahi kuogopa, au hajawahi kunipa nafasi ya kusikia.

Ikawa zamu yangu.

"Nimechoka. Ova."

"Sikupata. Ova."

"Nimechoka! Ova!"

"Nime nini? Nipe herufi. Ova."

Baba alitufundisha kutaja kila herufi kwa neno la karakana au la nyumbani linaloanza nayo, ili isipotelee kwenye kelele. Nikasimama juu ya ndoo, sijui kwa nini, labda nilidhani wati zitaongezeka.

"Nyundo! Injini! Msumari! Embe! Cherehani! Hodi! Ofisi! Koleo! Anga!"

Wanawake wanne walikuwa wamesimama na mashuka yao, maji yanawadondokea miguuni, hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe ningecheka.

Redio ikakaanga mchanga kwa muda mrefu.

"Umechoka," akasema Dada. "Nimepata. Umechoka. Endelea. Ova."

Nikaendelea. Tulianguka bafuni. Mgongo. Siwezi tena peke yangu. Mchukue Mama. Kila sentensi niliipiga kelele, kila sentensi akanirudishia neno kwa neno, na kuna jambo gumu katika kurudishiwa maneno yako mwenyewe na sauti ya mtu mwingine. Huwezi kujifanya hukuyasema. Alipofika kwenye "mchukue Mama" akayarudia mara mbili, ya pili polepole.

"Nitamchukua," akasema. "Nipe wiki tatu, jicho lipone. Sikiliza vizuri. Miezi minne. Si mwaka. Miezi minne, halafu tunazungumza tena, maana na mimi nitachoka. Umepata? Ova."

"Wiki tatu. Miezi minne. Halafu tunazungumza. Nimepata. Ova."

"Na Mama ana macho mazuri. Atanisomea chupa za dawa, mimi nitamshika mkono. Tukijumlishwa wawili tunapata mtu mzima mmoja. Ova."

Nikacheka, nikakuta ninalia, nikasahau kuachia kitufe, ikabidi Dada asikilize kamasi zangu hadi mwisho. Mama Pacha alishika kiwiko changu akanishusha kutoka kwenye ndoo.

Nilivyoshuka ngazi nilikuwa napanga namna ya kumwambia Mama. Nitaanza na jicho la Dada, nikawaza, halafu polepole. Mlango wetu ulikuwa wazi, kama kawaida, kwa ajili ya upepo, na ngazi za jengo lile zinapitisha sauti kuliko waya wowote. Mama alikuwa kwenye kiti chake.

"Koleo," akasema. "Anga. Jengo zima limepata habari kabla yangu."

"Mama..."

"Mnanipokezana kama betri."

Nilikaa sakafuni mbele yake, mgongo kwenye ukuta, miguu mbele, vile vile kama tulivyokaa bafuni. Alinitazama muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri utasema nakufukuza."

"Ningesema," akakubali. "Ningelia siku mbili. Halafu ningesema sawa." Akasogeza mguu mmoja kwa mikono yake, taratibu, akauweka sawa na mwenzake. "Mlangoni kwa dada yako kuna ngazi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu nitaziweza. Toa begi hilo chini ya kitanda. Nimelijua tangu Jumanne, ulilisukuma hadi likagonga ukuta."

Nikalitoa. Akaniamuru nimsogeze na kiti chake hadi kitandani, nimwage vyote hapo. Nilikuwa nimekunja kila kitu kikazi, pembe kwa pembe, magauni kama mashuka ya wodi. Akashika la juu, akalikunjua, akalitikisa hewani.

"Haya si ya mgonjwa," akasema. "Anza upya. Hapana, kaa hapo hapo, nipe mimi. Nitakunja mwenyewe, wewe nipokezee tu."