Gauni Lisilo na Mifuko

Uligeuza uso. Usijitetee. Ulimwona mtoto wako anafua nguo yake ya ndani kwa kujificha, ukajifanya unatafuta miwani. Nakujua, kwa sababu nami niligeuza uso hivyo hivyo, na miaka thelathini na moja haijanisahaulisha kitu.

Dada yangu alikuwa fundi cherehani. Tuliishi watatu nyuma ya chumba chake cha kazi: yeye, bintiye wa miaka kumi na mbili tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, na mimi mama mdogo, mpiga pasi na mtia vifungo. Kazi nyingi zilikuja kwa vikaratasi. Mteja aliyekuta mlango umefungwa alipitisha dirishani kitambaa na vipimo. Dada alikichomeka kikaratasi kwenye msumari na kushona kwa zamu. Majina hakuyajali. "Mimi nashona mwili, sishoni jina," ndivyo alivyosema siku zote. Alijua kiuno cha kila mwanamke mtaani. Mwanawe tu ndiye hakuwahi kumpima: alimkatia sare kwa kufuatisha ile kuukuu, akaongeza upindo, basi.

Asubuhi moja tulikuta shuka jeupe kwenye kiti, la aina iliyokuwa katika kila nyumba, limefuliwa, kona moja imekatwa. Juu yake kikaratasi, penseli, herufi kubwa: KIFUA 28. NYONGA 30. UREFU HADI KISIGINO. MIKONO MIREFU. LISIWE NA MIFUKO.

"Haa! Huyo haendi sokoni huyo," akacheka fundi viatu wa baraza la jirani. "Shemeji, mteja wako jini."

"Jini naye ana kiuno," dada akajibu. "Asubiri zamu. Nina sare sitini hapa."

Ulikuwa msimu wa shule kufunguliwa. Gauni likasubiri.

Mwezi ulipopita, nilikuwa nafagia nikaona kile kikaratasi kimebadilika. 28 imekatwa, pembeni imeandikwa 29. Alama ya penseli ilikuwa bado inang'aa. Nikaigusa tepu ya kupimia juu ya meza: ilikuwa na joto, kama imetoka mwilini mwa mtu sasa hivi. Na mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Mwezi wa pili: kifua 30 na nusu, nyonga 32. Dada hakutania tena. Alikitazama kikaratasi kwa muda mrefu, mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mtu gani huyu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "anayekua akiwa msumarini?"

Siku hizo Kijiti alikuwa hasemeki. Alibamiza milango. Alilia kwa sababu chai imepoa, dakika mbili baadaye akacheka peke yake uani. Alihama kitanda chetu akalala sakafuni. Ukimgusa bega aliruka kama ameungua, na alitembea amekumbatia kifua chake kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

"Kiburi hicho," dada alisema. "Kitamtoka."

Mimi nilijua si kiburi. Nyuma ya bafu nilifunua ndoo iliyofunikwa kwa ubao, nikaona maji mekundu, na ndani yake kipande cha shuka jeupe, chenye pembe ya mraba. Niliitambua ile kona. Nikakataa kuitambua. Nikarudisha ubao mahali pake. Mimi mwenyewe niliambiwa sentensi moja tu nilipokuwa kama yeye: kaa mbali na wavulana. Nikajiambia, mbona nilipona.

Sare ziliisha mwezi wa tatu. Ijumaa dada alishona lile gauni, Jumamosi asubuhi likawa limening'inia ukutani. Tulikuwa tumetoka uani kuanika nguo. Tuliporudi, ukuta ulikuwa mtupu.

Kijiti alisimama katikati ya chumba, ameoga, nywele amezichana, gauni mwilini. Lilimkaa kila mahali.

"Limenitosha, mama," akasema. "Niliogopa ungechelewa."

Dada alikuwa na pini mdomoni. "Nichelewe nini?" akauliza bila kufungua meno.

"Natoka damu. Mara mbili ilikoma, nikadhani nimesamehewa. Leo imerudi. Na kifuani nina vivimbe viwili, vigumu kwa ndani, vinauma. Nimejipima kila mwezi, mama. Ugonjwa unakua." Akalinyoosha gauni mapajani kwa viganja vyote viwili. "Msinivue kunikagua. Mnizike nalo hivi hivi."

Dada alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani. Kisha akachukua tepu, akampitishia mwanawe kifuani kwa mara ya kwanza maishani. Tepu ilijisokota, ikabidi aanze upya. "Thelathini na nusu," akasema, kama anayesoma barua ya msiba.

Ndipo nikafungua kinywa. "Hufi, mwanangu. Hiyo ni hedhi. Inanijia mimi, inamjia mama yako, kila mwezi. Na hivyo vivimbe ni matiti yanaota."

Alitutazama, mmoja, kisha mwingine.

"Mlikuwa mnajua?"

Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli.

"Miezi mitatu nimelala nikingoja kufa. Mlikuwa mnajua?"

Dada aliapa kwamba hakujua. Mimi sikuweza kuapa hata hilo. Kijiti aliingia chumbani akafunga mlango taratibu, na ule upole ulinitisha kuliko mabamizo yote.

Sasa wewe. Yuko nyumbani kwako, upande wa pili wa ukuta, anajipima. Kama ni wa kiume, ameamka na shuka limelowa, sauti inamkatika, anadhani amelaaniwa. Weka chini karatasi hii. Mwite. Sema hedhi, sema matiti, sema mbegu za kiume, kwa majina yake, bila kumwambia "utajua ukikua". Usingoje jioni. Inuka ukamwambie.