Siku Kamanda Alipobadilisha Bushi

Habari ilimfikia mama kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Eti mtaa wa pili kuna mwanamume amelaliwa na gari lake mwenyewe, nyumbani kwake, mchana kweupe, mkewe akiwa jikoni anakaanga vitunguu. Aliyesimulia hakumjua mtu huyo, na aliyemsimulia yeye hakumjua pia. Mmoja alisema jeki iliteleza, mwingine akaapa hakukuwa na jeki, gari lilikuwa juu ya mawe. Hata kuhusu kama alikufa au alivunjika mbavu tu, hawakuafikiana. Lakini mama alirudi nyumbani na unga wake kichwani na lile gari kifuani, na kwa siku tatu halikushuka.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, akafungua dirisha la chumba chake cha kushonea, akamwona binti yake amevaa suruali kuukuu ya baba yake, kitambaa kichwani, analizunguka gari la nyumbani.

“Unataka kulifanya nini hilo gari?”

“Nabadilisha bushi za mbele, mama.”

“Fundi yuko wapi?”

“Ndiye unayeongea naye.”

Huyu alikuwa kitinda mimba wake. Nyumbani walimwita Kamanda tangu ana miaka mitano, kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga kuku mstari. Sasa alikuwa mtu mzima, anauza vipuri dukani. Mwaka wa tatu huo alikuwa nyuma ya kaunta, akiwachagulia mafundi bushi kwa kuzitazama tu, na mafundi haohao wakimwambia, “Wewe uza, dada. Kufunga tuachie sisi.” Neno hilo lilimkaa rohoni.

Na gari lilikuwa linaumwa kweli. Kila likiingia kwenye shimo, mbele palilia ko, ko. Ukikanyaga breki, usukani ulivuta upande kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Baba mtu, mwenye nyonga mbovu, aliyepelekwa hospitali kwa gari hilo kila Jumatatu, alikuwa akiitikia kutoka kiti cha nyuma, “Karibu! Nani anabisha?” Wote wakicheka, kisha akishika nyonga na kuuma meno.

Kamanda alimwonyesha mama bushi mpya kiganjani: mpira mnene ndani ya bomba fupi la chuma. “Gurudumu limeshikwa na mkono wa chuma huku chini. Pale mkono unapoungana na gari ndipo bushi inapokaa. Mpira ukichakaa, chuma kinagonga chuma.”

Mama hakumkataza. Alimjua. Alitoa kigoda na mashati yake, akaketi hatua tatu kutoka kwenye gari.

“Mama, huna pengine pa kukaa?”

“Hapa pana mwanga.”

Haikupita saa moja, hofu ikaanza kumpisha mgeni mwingine. Mtoto alijua kazi. Aliliweka gari kwenye saruji karibu na lango, akakingia magogo tairi za nyuma, akainua kwa jeki, akasukuma stendi mbili za chuma chini ya gari, akalishusha juu yake. Kisha akalishika kwa mikono miwili akalitikisa kwa nguvu zote. Halikucheza. Hapo tu ndipo alipoingia chini.

Jirani yao, fundi bomba, akachungulia juu ya ukuta. “Kamanda! Bolti zitakazobaki uniletee, nina kitanda kinalegea.”

“Kitanda chako hakilegei kwa bolti, fundi. Muulize mkeo!”

“Wewe mtoto!” mama alifoka, huku ameinamisha uso kwenye shati asionekane anacheka.

Bushi ya zamani haikutaka kutoka. Kamanda alichukua bolti ndefu, nati na kipande cha bomba, akawa anaivuta kwa spana, robo mzunguko, pumzi, robo mzunguko, mpaka ikachomoka kama jino bovu. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino. Mpya aliipaka maji ya sabuni ipate kuteleza, akaomba chaki ya mama ya kukatia nguo, akachora mstari mfupi juu ya mpira kutoka katikati hadi ukingoni, ajue imekaa wapi. Saa saba mchana mikono yote miwili ya chuma ilikuwa imerudi mahali pake, bolti zimekazwa, tairi zimefungwa. Alilishusha gari, akaliendesha hadi kwenye kamba ya nguo na kuzima.

“Umesikia?” alisema. “Kimya!”

Mama alisimama, akainama kuchungulia nyuma ya gurudumu kama anavyoinamia bega la mteja. Mstari wa chaki haukuwa umenyooka tena. Ulikuwa umepinda kama upinde.

“Huu mpira unavutwa,” alisema. “Ulikaza bolti gari likiwa wapi?”

“Juu ya stendi.”

“Magurudumu yananing'inia?”

“Ndiyo, mama, yatakuwa wapi tena?”

“Mimi gari silijui. Lakini suruali ukimpimia mtu amekaa, akisimama itambana. Si lazima ukaze huku gari limesimama kwa miguu yake?”

Kamanda alitazama mstari. Akamtazama mama. Akajipiga paji la uso, likabaki na alama ya uchafu. “Kumbe! Wale wanaorudisha bushi zimechanika baada ya miezi miwili! Na mimi kila siku nawaambia wameuziwa feki kwingine.”

Pengine aibu ndiyo iliyomharakisha. Badala ya kulirudisha gari kwenye saruji, aliivuta jeki palepale kando ya kamba ya nguo, akainua, akatoa tairi. Stendi zilikuwa bado kule langoni.

“Nalegeza tu, dakika tano,” alisema akijilaza, kichwa na bega vikaingia chini.

“Toka.”

“Mama, dakika tano.”

“Stendi ziko wapi?”

“Mama bwana, mimi si mtoto!”

“Basi kama si mtoto, toka kama mtu mzima. Usipotoka nakuvuta miguu mbele ya fundi bomba.”

Akatoka amenuna. Akakaa kitako, akafuta mikono, akafungua mdomo kubishana. Hakumaliza neno la kwanza. Jeki iliinama polepole, mguu wake ukizama kwenye udongo, kisha ikalala ubavu. Gari likashuka. Halikutoa kishindo, lilipumua tu, puu, na sahani ya breki ikazama kwenye tope pale bega lilipokuwa.

Barazani baba alikuwa amesimama bila fimbo yake.

“Maji ya kufulia,” mama alisema. “Niliyamwaga pale mimi mwenyewe asubuhi.”

“Hapana, mama. Stendi niliziacha mimi.”

Mama alijivunia binti yake siku hiyo kwa mengi, lakini zaidi kwa lililofuata. Kamanda hakulia, hakumlaumu mtu, wala hakuficha. Alimwita fundi bomba mwenyewe. “Nimekosea, kaka. Njoo na ubao mpana na mikono yako.” Waliinua gari jeki ikiwa juu ya ubao, bila mtu kuingia chini. Akakagua sahani na mkono wa chuma, vilikuwa vizima, akafunga tairi, wakalisukuma hadi kwenye saruji. Likapanda stendi, likatikiswa, bolti zikalegezwa pande zote mbili. Kisha tairi zote nne zikakaa juu ya mbao nene zilizolingana, uzito wote ukiwa chini, magogo mbele na nyuma. Hapo ndipo alipoingia na kukaza, kwa spana ya kupimia nguvu aliyoazima dukani. Mama alipiga magoti akaangalia chaki. Mstari ulinyooka kama pindo la shati jipya.

Jumatatu, njiani kwenda hospitali, baba alisinzia. Mtu ambaye miezi minane hakuweza kufumba macho kwenye barabara ile, akakoroma mpaka langoni.

Wiki hiyo kila aliyekuja kupimwa nguo aliambiwa, atake asitake, “Lile gari pale nje, bushi zake kafunga binti yangu.” Fundi bomba akaja kuomba la kwake litengenezwe. Wakafuata wengine wawili. Mama alimruhusu Kamanda, ila alichana ukurasa kwenye daftari lake la vipimo, akaubandika ukutani karibu na lango, asomaye asome kabla hajaleta gari:

Usiinue gari kwenye udongo, hata ukiwa mkavu.
Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.
Usitumie mawe wala matofali badala ya stendi.
Usiingie kabla hujalitikisa.
Usipake bushi oili. Inakula mpira. Maji ya sabuni yanatosha.
Usikaze bolti za bushi magurudumu yakining'inia.
Usirudie kazi ukiwa na hasira au aibu. Kunywa maji kwanza.
Usifanye ukiwa peke yako nyumbani.
Usimwage maji ya kufulia karibu na gari.