Bia ya Mwisho ya Opicho

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, Mwelu alisuuza mikono kwa maji matupu, akala kipande cha mkate mkavu, kisha akaketi kwenye meza yake kando ya dirisha. Tangu jana yake hakuwa amejipaka chochote chenye harufu. Mbele yake palikuwa na glasi ya bia ya kahawia, ile ya mtindo wa Waingereza, iliyotolewa kwenye tangi la tatu, pamoja na fomu ya kutathmini yenye mistari minne: rangi, povu, harufu, ladha.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, kimebanwa katikati ya karakana za Kariobangi, huku mchomeleaji wa mageti, huku fundi wa masufuria. Mwelu aliingia hapo kama mfagiaji. Aliyempandisha ni Opicho, mpishi wa bia, siku alipomsikia akisema kwamba bia ya wiki hiyo ilikuwa na ladha ya shilingi ya chuma. Walipofungua bomba walikuta limeshika kutu. Tangu siku hiyo ulimi wa Mwelu ukawa wa watu wawili, kwa sababu Opicho alikuwa mtu wa kanisa na pombe hakuitia kinywani. Alipika kwa pua na kwa masikio tu. Mwelu alionja, akamsimulia, naye akapunguza moto au akaongeza kimea. Walifanya hivyo miaka tisa.

Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, Opicho alifia ndani ya tangi la nne akilisugua. Bia ikishachacha huacha hewa nzito chini ya tangi, isiyo na rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na anayeivuta hulala asiamke. Ripoti ya kiwanda ilisema aliingia bila kuagizwa, tena akiwa amelewa. Kanisa lake huko Pipeline liliposikia habari hiyo liliizuia kwaya isiende mazishini. Alizikwa kwao Bungoma bila wimbo. Mkewe, Everline, aliporudi Nairobi alikuta kiti chake katika kamati ya akina mama kimekaliwa na mwingine.

Bia ya tangi la tatu ndiyo ya mwisho aliyoipika; aliitia tangini asubuhi ile ile aliyokufa.

Mwelu aliinua glasi kwenye mwanga. Kahawia ya chai ya rangi iliyokolea, yenye wekundu kidogo pembeni. Povu laini, halikimbii. Akanusa, akapata ukoko wa mkate na sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Akaonja. Zikaja karanga za kukaanga, ukaja utamu wa kimea, ukafuata uchungu mdogo, wa kiasi. Nyuma ya uchungu vikaja viazi vitamu vilivyochemshwa, na chai isiyo na maziwa, na dawa ya meno. Halafu ikaja sauti ya Wanyoike, mwenye kiwanda.

"Ingia tu, Opicho, dakika tano. Kipima hewa tutatengeneza wiki ijayo."

Mwishoni ulibaki ubaridi wa chuma, mgongoni.

Mwelu alitema kwenye ndoo kama kawaida ya kazi, akanywa maji, akaonja tena. Ilikuwa vilevile. Akachukua kalamu, akaandika: "Rangi nzuri. Povu linakaa. Harufu ya mkate na sukari iliyoungua. Ladha ya karanga na kimea, kisha asubuhi ya Opicho, mpaka alipoagizwa kuingia tangini. Hajanywa pombe. Mpishi hana kosa."

Wanyoike aliisoma fomu akiwa amesimama, akajimiminia nusu glasi, akanywa taratibu. Alisema sauti yake imetoka nzito kuliko ilivyo. Akauliza kama ikichujwa zaidi itatoka. Waliichuja mara mbili. Ilizidi kung'aa, na maneno yakasikika vizuri zaidi. Basi akaagiza itiwe chupani, kwani wanywaji wa bia ya kahawia, alisema, hupenda kitu kinachobaki kinywani. Fomu aliikunja akaitia mfukoni.

Mwelu alikuwa ameinakili. Alienda na nakala hiyo, pamoja na chupa mbili, hadi kwa afisa anayeshughulikia ajali za kazini. Afisa alionja, akajipangusa midomo. Alikiri kwamba hana shaka hata kidogo kuhusu yaliyotokea. Kilichomkwamisha ni faili.

"Mama, mimi nimesikia kila kitu," alisema. "Lakini ushahidi wa pombe ni ushahidi wa mlevi. Siwezi kuuandika mahali."

Chupa ya pili ilibaki kwa Mwelu.

Mwezi uliofuata bia ilipelekwa kwenye mashindano, katika hoteli moja ya Westlands, ikapata nishani ya pili. Waamuzi waliisifu kwa uwiano wa kimea na uchungu, na kwa mwisho wake mrefu, ambamo agizo linasikika neno kwa neno. Kwenye baa watu waliinywa, wakainamisha vichwa kidogo inapofika pale kwenye ubaridi, kisha wakaagiza nyingine.

Ilibaki kanisa. Mwelu alimwendea Mchungaji Andati, akamweleza yote, akamwekea chupa mezani. Mchungaji alimsikiliza kwa upole. Alisema alimpenda Opicho, na kwamba kama ukweli umo ndani ya chupa hiyo basi anauombea utoke wenyewe, kwa maana yeye hataigusa kwa mdomo wake. Mwelu alirudi nayo. Alipokuwa akishuka ngazi alitambua kwamba wanaokunywa wote wameshajua, wala haiwahusu, na wale ambao ingewahusu hawanywi.

Mwishowe alimpelekea Everline, aliyezoea kumwita Mama Kioko, katoni ya chupa kumi na mbili, ghorofa ya sita, Pipeline. Everline naye hakuwa mnywaji. Alileta kijiko cha dawa, akakijaza, akafumba macho, akameza.

"Viazi nilichemsha mimi," alisema. "Vilikuwa vibichi katikati. Na alikula vyote, Mama Kioko. Hakuniambia."

Tangu hapo, kila Jumapili wengine walipokuwa ibadani, alifungua chupa moja, akanywa kijiko kimoja, na iliyobaki akaimwaga kwenye sinki. Harufu ilipanda kwenye bomba la maji machafu hadi jikoni kwa majirani. Haukupita mwezi, ikasemwa kwamba mjane wa yule mlevi naye ameanza. Akina mama wakaacha kumpigia simu. Everline alimweleza Mwelu habari hiyo bila uchungu, kama mtu anayesema maji yamekatwa tena.

Jumapili ya kumi na moja alimwita Mwelu. Chupa ilikuwa imebaki moja, na wiki hizi za karibuni, alisema, hakuwa na hakika anasikia nini. Mwelu alikuja bila kujipaka mafuta, akaomba mkate mkavu na maji. Aliiangalia bia kwenye mwanga wa dirisha, akanusa, akaonja, akaizungusha ulimini. Nyumba ile ilikuwa na joto, na bia haivumilii joto.

"Niambie," Everline alisema.

"Karanga zimeisha. Na sauti ya Wanyoike imeisha. Hakuna tena mahali inaposemwa kwamba aliagizwa."

"Na yeye?"

Mwelu alionja tena.

"Yupo. Kwa mbali. Chai ipo, na viazi."

"Amelewa?"

"Hapana. Hajalewa."

Everline aliitikia kwa kichwa polepole. Akauliza kama akiifunika vizuri itafika Jumapili ijayo. Mwelu alimwambia haitafika. Bia ikishafunguliwa ni ya siku hiyo hiyo. Basi Everline akaleta kijiko cha pili. Wakaketi upande kwa upande kwenye kochi, chupa katikati ya magoti yao, wakainywa kijiko kwa kijiko, mpaka ikaisha.